Bunilizi za sayansi na anga la juu ya Kasese: hadithi zilichora setilaiti, nafasi wakagawana kina nani?

#1 Mchambuzi_Obiti

Wakuu, heshima kwenu. Mijadala ya bunilizi za sayansi huwa inaishia kwenye orodha ya vifaa: huyu alitabiri nyambizi, yule akatabiri simu ya mkononi. Orodha hizo hazitufikishi popote. Hoja yangu ni hii: bunilizi ni hodari wa kuchora umbo la teknolojia na kazi yake, lakini hukosea kuhusu nani atafanya kazi pale, na mara nyingi husahau kabisa nani ataimiliki. Kisha picha ile yenye pengo ndiyo inayoingia kwenye bajeti na sheria.

Chukueni setilaiti za mawasiliano. Oktoba 1945, Arthur C. Clarke, ofisa wa rada katika jeshi la anga la Uingereza na mwandishi chipukizi wa bunilizi, alichapisha makala katika jarida la Wireless World. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Chombo kikizunguka juu ya ikweta kikiwa km 42,000 hivi kutoka kitovu cha dunia, kinamaliza mzunguko kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo aliye chini anakiona kimesimama palepale. Vituo 3 vilivyopishana nyuzi 120 vinahudumia dunia nzima isipokuwa maeneo ya ncha. Akataja na nafasi: nyuzi 30 mashariki kwa Afrika na Ulaya, 150 mashariki kwa China na Oceania, 90 magharibi kwa bara la Amerika.

Sasa fungueni ramani mfuate ikweta hadi nyuzi 30 mashariki. Mnafika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Kituo cha kwanza kuchorwa kwa ajili ya Afrika kiliwekwa utosini kabisa mwa Kasese, na swali la wenyeji wa chini yake halikuwemo.

---

#2 Mzee_wa_Vali

Mkuu, mada nzuri, ila rekebisha jambo moja kabla watu hawajalibeba hivyo hivyo. Makala ya 1945 haikuwa hadithi. Ilikuwa makala ya kiufundi yenye hesabu za nguvu za mtambo na kipenyo cha antena. Tena obiti yenyewe ilishaelezwa mwishoni mwa 1928 na mhandisi Herman Potočnik katika kitabu chake cha safari za anga. Na kuanzia 1942 George O. Smith alikuwa akiandika hadithi za kituo cha kupokea na kurusha mawasiliano kati ya sayari. Mkondo wenyewe ulikuwa mhandisi, kisha mtunzi, kisha mhandisi tena. Hadithi haikuzaa hesabu. Iliwafanya watu wenye uwezo wa kupiga hesabu waone kwamba swali lina thamani.

Kuhusu wafanyakazi, hapo umelenga penyewe. Clarke aliweka wahudumu ndani ya kituo, na makazi yao, na roketi za kuwapelekea chakula na kuwabadilisha zamu. Sababu ni vali. Mitambo ya redio ya wakati ule ilijaa vali za kioo zenye uzi unaowaka moto, na uzi huo hukatika. Mtambo wenye vali mia kadhaa bila fundi jirani ulikuwa haudumu. Desemba 1947 transista, kifaa kidogo kinachofanya kazi ya vali bila uzi wa moto, ikapatikana katika maabara ya Bell Labs, 1954 paneli ya jua ya silikoni ikatoka hukohuko, na wahudumu wakafutika kwenye mchoro.

Jambo ambalo wengi hawalijui: vali yenyewe haikuondoka. Setilaiti ya mawasiliano Intelsat I, iliyorushwa Aprili 1965, ilikuwa na vikuza mawimbi viwili vya wati 6 kila kimoja, na ndani yake mlikuwa na vali ndefu ya wimbi linalosafiri. Aina hiyo bado inatumika kwenye setilaiti, na hudumu miaka 15 na zaidi. Kilichobadilika ni kathodi (sehemu inayotoa elektroni), ubora wa ombwe ndani yake na namna ya kutoa joto.

---

#3 FundiDishi

Naomba niingie kwa upande wa paa. Clarke aliandika kwamba mpokeaji angetumia dishi la futi moja hivi, yaani sm 30. Intelsat I ilipoanza kazi ikiwa na njia 240 za simu, vituo vya chini vilihitaji madishi ya kipenyo cha m 26 hadi 30, kwa sababu wati 6 zikifika chini zimeshakuwa vumbi. Dishi la nyumbani likaja baadaye setilaiti zilipopata nguvu kubwa na masafa yalipopanda hadi eneo la GHz 12. Siku hizi sm 60 hadi 90 ndiyo kawaida kwetu. Akiba ile ya ziada si ya siku ya jua kali, ni ya mvua. Kwenye GHz 12 mvua kubwa inanyonya mawimbi, na masika ya pwani hayana mzaha. Mteja anayeng'ang'ania dishi dogo ataona picha vizuri Januari, halafu Aprili anakupigia simu.

Kwa wanaotaka kuona jiometria ya Clarke kwa macho yao, setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki inatosha. Nairobi, dishi linalenga nyuzi 88 kutoka upeo wa macho, karibu utosini. Dar es Salaam ni nyuzi 81, ukielekea kaskazini na kukata magharibi kwa nyuzi 26 hivi. London, kwa setilaiti ya nyuzi 28 mashariki, ni nyuzi 25 tu, ndiyo maana madishi ya kule yanatazama juu ya paa la jirani.

Makosa yanayojirudia kwenye ufungaji:

Kwanza, dishi letu la kawaida lina LNB (kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi) iliyokaa pembeni, kwa hiyo uso wa dishi hautazami setilaiti moja kwa moja. Kuna tofauti ya nyuzi 25 hivi kutegemea kiwanda. Ukilenga 81 kwa kipimo cha bapa kilichowekwa usoni mwa dishi utatafuta hadi jioni. Soma mizani iliyochorwa kwenye bano la nyuma.

Pili, nguzo isiyo wima. Piga timazi pande mbili kabla ya kufunga dishi. Nguzo ikilala nyuzi 2, kila ukizungusha kulia au kushoto unabadilisha na mwinuko bila kujua. Na karibu na utosini, kama Nairobi, kuzungusha kushoto na kulia hakubadilishi sana, kwa hiyo mafundi hukata tamaa wakidhani LNB imekufa. Shika mwinuko kwanza.

Tatu, LNB isiyozungushwa kwenye kishikio chake. Setilaiti ipo, kipimo kinasoma, chaneli nusu hazitoki.

Picha ikipotea dakika kadhaa mchana, siku chache mfululizo, karibu na Machi au Septemba, usipande juu. Jua limepita nyuma kabisa ya setilaiti na kelele zake zimefunika mawimbi. Litapita lenyewe.

---

#4 Wakili_wa_Anga

Nikimjibu aliyefungua uzi: swali la wenyeji wa chini liliulizwa, tena na sisi wenyewe. Tarehe 3 Desemba 1976, nchi zinazopitiwa na ikweta zilikutana Bogotá na kutoa tamko. Kenya, Uganda, Zaire na Kongo zilikuwemo, pamoja na Kolombia, Ekuado na Indonesia. Zilidai kwamba kipande cha obiti hiyo kilicho juu ya ardhi yao ni mali asili yao, na atakayeweka chombo cha kudumu pale aombe ruhusa kwanza. Kipande kilicho juu ya bahari kuu kingekuwa urithi wa wanadamu wote.

Tukipima, digrii moja ya obiti hiyo ni km 736 hivi. Kenya kwenye ikweta inachukua karibu nyuzi 7, kwa hiyo dai lake lilikuwa la zaidi ya km 5,000 za angani. Nukta ya Clarke ingekuwa chini ya mamlaka ya Uganda.

Dai lilikataliwa na nchi zenye roketi. Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Anga wa 1967 kinasema hakuna taifa linaloweza kujitwalia anga za mbali kwa dai la mamlaka, kwa kulitumia wala kwa njia nyingine. Lugha ile ya anga la wanadamu wote ni tamu, na imekaa kama bunilizi za miaka ya 1940 na 1950: anga tupu, hakuna mwenyeji. Lakini kiutendaji ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikuwa likigawa nafasi kwa utaratibu wa aliyewahi. Anga lisilo na mwenyewe, likigawanywa kwa aliyewahi, ni la mwenye roketi.

Hata hivyo Bogotá haikupotea bure. Mkutano Mkuu wa ITU wa 1982, uliofanyika Nairobi, uliingiza maneno kwamba matumizi ya obiti hiyo yazingatie mahitaji ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya baadhi ya nchi. Mwaka 1988 ukapitishwa mpango ambao kila nchi imewekewa angalau nafasi moja katika masafa fulani, hata kama haina setilaiti.

---

#5 Mchambuzi_Obiti

Wakili, shukrani. Lakini hoja ya kifizikia ya Bogotá ilikuwa dhaifu. Walisema obiti ile ipo kwa sababu ya mvutano wa dunia peke yake, kwa hiyo ni sehemu ya dunia. Si hivyo. Jua na mwezi vinavuta setilaiti kaskazini na kusini, na kuzuia hilo kunagharimu mafuta ya kubadilisha mwendo kwa karibu m 50 kwa sekunde kila mwaka. Pia ikweta ya dunia si duara kamili, ina uvimbe. Kwa sababu hiyo kuna sehemu mbili tu ambako chombo kilichokufa hutulia, karibu na nyuzi 75 mashariki na nyuzi 105 magharibi. Setilaiti ikizimika juu ya Kasese haikai Kasese. Huanza kuteleza polepole kuelekea mashariki, inakatiza juu ya Kenya, inapita nyuzi 75, kisha inarudi, na kuendelea hivyo kwa miaka.

Ndiyo maana mwendeshaji makini huacha akiba ya mafuta ya mwisho na kukipandisha chombo km 300 hivi juu ya obiti kabla hakijafa. Kosa la kawaida liko kwenye kipimo cha mafuta: ndani ya tangi lisilo na uzito huwezi kuona kiasi kilichobaki, unakadiria kwa shinikizo na kwa muda ambao injini zimewaka. Ukikadiria vibaya kwa kilo chache tu, umeacha takataka kwenye barabara kuu.

---

#6 Kaaya_wa_Maktaba

Naona mnaipa lawama bunilizi kwa kusahau umiliki. Si kweli kwa zote. Clarke huyohuyo mwaka 1979 aliandika riwaya ya lifti ya kwenda angani, na kikwazo kikubwa mle ndani ni watawa wenye hekalu juu ya mlima unaotakiwa. Ardhi ina wenyewe, na mhandisi hana budi kuwakabili. Kitu cha kuchekesha ni kwamba ili hesabu zitimie, alikisogeza kisiwa kinachofanana na Sri Lanka km 800 kusini hadi ikweta. Mlima Kenya uko palepale bila kusogezwa.

Na mtunzi H. G. Wells je? Riwaya yake ya 1914 ilikuwa na mabomu ya atomu na siasa za baada yake. Mwanafizikia Leo Szilard aliisoma 1932, mwaka uliofuata akapata wazo la mnyororo wa nyutroni (nyutroni moja ikigonga atomu inazaa nyingine za kuendeleza), 1934 akaomba hataza, kisha akaikabidhi kwa jeshi la majini la Uingereza ili ibaki siri. Wells naye alikuwa ameichota sayansi yake kwa Frederick Soddy, mtaalamu wa redioaktivu, na akamtajia kitabu chake kwenye tabaruku. Hapo bunilizi haikutoa umbo la kifaa. Ilimpa mwanasayansi hofu, na hofu ikaamua hati iwekwe wapi.

---

#7 Mzee_wa_Vali

Kaaya, la Szilard nakubali, na linaitoboa hoja ya mwenye uzi. La lifti acha nikuwekee hesabu, maana kila mwaka kuna mtu anaizua upya kwenye mitandao.

Wazo la kamba inayoning'inia kutoka obitini ni la mhandisi Yuri Artsutanov, gazeti la Kirusi, 1960. Kamba inatakiwa kubeba uzito wake yenyewe kutoka ardhini hadi km 35,786, na juu zaidi kuwe na uzito wa kuivuta nje. Ili isikatike inanenepa kadiri inavyopanda, unene wa juu kabisa ukiwa kwenye obiti. Kiasi cha kunenepa kinatokana na nguvu ya nyuzi ikigawanywa kwa msongamano wake.

Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi, kwa nguvu ya GPa 3.6 (gigapaskali, kipimo cha mvuto ambao uzi unahimili): eneo la mkato linakua mara milioni 260. Ukianza na mm² 1 ardhini, kule juu kamba ina m² 260, sawa na sakafu ya nyumba kubwa. Chuma hata usianze, tarakimu inapita 10 kwa kipeo cha 40. Nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni, kwa GPa 50 zinakupa mara 3.5 tu, na hapo ndipo watu hupata usingizi mnono. Tatizo ni kwamba nguvu hizo zimepimwa kwenye vipande vifupi mno. Ukisokota uzi mrefu, nyuzi ndogo zinashikana kwa mvutano hafifu wa ubavuni na huteleza kabla ya kukatika, na dosari moja ya atomu chache inashusha nguvu ya kamba nzima.

---

#8 Sera_na_Sinema

Njia nyingine ya bunilizi kuingia serikalini ni fupi kuliko zote: kiongozi anatazama filamu. Juni 1983 Rais Reagan wa Marekani alitazama filamu ya kijana aliyeingia kwenye kompyuta ya jeshi kwa laini ya simu. Akawauliza majenerali wake kama inawezekana, wakachunguza, jibu likawa ndiyo. Septemba 1984 akasaini agizo la usalama wa mifumo ya kompyuta, NSDD-145. Agizo hilo liliipa NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, mamlaka mapana hadi kwenye kompyuta za kiraia, na Bunge likayapunguza kwa sheria ya 1987.

Ulaya nako, azimio la Bunge la Ulaya la Februari 2017 kuhusu roboti linaanza kwa kumtaja kiumbe wa riwaya ya Frankenstein, na linazitaja kanuni za roboti za mtunzi Isaac Asimov kama mwongozo wa wabunifu. Likapendekeza roboti za hali ya juu zifikiriwe kupewa hadhi ya nafsi ya kisheria. 2018 wataalamu zaidi ya 150 wakaandika barua ya wazi kupinga, wakisema picha ya roboti imepotoshwa na bunilizi. Binafsi nadhani barua ilikuwa sahihi. Hatari ya nafsi ile ni ya kawaida mno: mtengenezaji anajificha nyuma ya mashine, na aliyeumia anaishtaki kabati.

---

#9 Kijiwe_cha_Vitabu

Wakuu, tuna kikundi cha kusoma. Tufanyeje ili mjadala wa bunilizi usiwe wa "itatokea au haitatokea"?

---

#10 Kaaya_wa_Maktaba

Chagueni kurasa 20 hadi 30, si riwaya nzima. Mpe kila mtu jambo moja la kusaka: nishati inatoka wapi, joto linatolewaje, nani anatengeneza kikiharibika, nani analipa, ardhi au nafasi ni ya nani. Pasipo na jibu kwenye maandishi, andikeni "hakuna". Hizo "hakuna" ndizo mjadala wenyewe.

Halafu pigeni hesabu moja, moja tu. Mzinga wa Jules Verne wa 1865, kwa mfano: mtutu wa m 274, mwendo wa kutoka karibu km 11 kwa sekunde. Mwendo kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya urefu: unapata m 220,000 kwa sekunde kwa sekunde, sawa na mara 22,000 ya uzito wa kawaida. Abiria wa kilo 70 anaelemewa kama ana tani 1,540. Mkishaona hivyo, ulizeni kwa nini Verne alihitaji mzinga: mwaka uliotangulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, viwanda vya mizinga ndivyo vilivyokuwa alama ya nguvu, na ndani ya hadithi ni chama cha watengeneza mizinga kisicho na vita tena. Jamii imo ndani ya mtutu.

---

#11 FundiDishi

Sawa Kaaya, ila mwaka umekosea: hadithi imetoka 1865, mwaka uleule vita vilipoisha, na chama kimewekwa baada ya vita. Tusiwachanganye vijana wa kijiweni.

Niongeze la kwetu. Verne aliweka mzinga Florida kwa sababu ya ukaribu wa ikweta kuliko sehemu nyingine za Marekani. Ikweta inakupa mwendo wa bure wa m 465 kwa sekunde. Cape Canaveral ni 409 hivi. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ni 464. Waitalia waliliona hilo. Majukwaa ya San Marco na Santa Rita yalisimamishwa baharini, na kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout ziliruka pale. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikapewa jina Uhuru. Obiti ya karibu na ikweta pia iliiepusha na ukanda wa chembe kali ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao ungejaza vipimo kelele. Sasa linganisheni: Taifa-1 ya Kenya, Aprili 2023, ilirushwa kutoka California.

---

#12 Mchambuzi_Obiti

Na leo, nchi ikitaka nafasi yake ya angani, inafanyaje? Kampuni haiendi ITU yenyewe. Wakili atusaidie.

---

#13 Wakili_wa_Anga

Maombi hupelekwa na nchi, kwa kawaida kupitia mdhibiti wa mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Unawasilisha masafa, nafasi na maeneo ya huduma, kisha unaanza uratibu na kila nchi ambayo mfumo wake unaweza kuingiliwa. Uratibu ndio unaokula muda na pesa. Ukipeleka wahandisi wasiojua kubishana juu ya desibeli, utakubali masharti yanayofanya nafasi isiuzike.

Una miaka 7 tangu maombi kupokelewa. Ndani ya muda huo chombo chenye uwezo wa masafa hayo kiwe kimekaa kwenye nafasi siku 90 mfululizo. Usipofanya hivyo, maombi yanafutwa. Unaweza kukodi chombo cha mwingine kikusogelee na kukushikia nafasi, na wengi hufanya hivyo. Kikiondoka, unaweza kusimamisha matumizi hadi miaka 3, lakini toa taarifa mapema: ukichelewa zaidi ya miezi 6, muda huo unakatwa.

Makundi ya vyombo vya chini, kama yale ya km 550, yana ngazi zake tangu 2019. Baada ya miaka 7 ile, asilimia 10 ya vyombo viwe juu ndani ya miaka 2, asilimia 50 ndani ya 5, vyote ndani ya 7. Usipofikia, idadi uliyosajili inapunguzwa kulingana na ulivyorusha. Hivyo vinapita juu ya Kasese mchana kutwa bila kusimama, kwa hiyo dai la aina ya Bogotá halina pa kushika. Kinachobaki mkononi mwa Uganda ni leseni ya kutua mawimbi na kuuza vifaa, na hiyo iko Kampala.